Kikombe Alichopewa Orm

Heselford, sikukuu ya Mtakatifu Yohane, kiangazi

Wistan mdogo wangu,

Hujambo huko kwa wakubwa? Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto na nguruwe mmoja aliyekula alichokula. Mimi nasema, Padri Dunn anaandika. Ukikuta maneno matamu ujue ni yake.

Ndugu yangu, nimefanya ujinga. Tangu Alnoth, Mungu amrehemu, afariki siku ya Mtakatifu Martin, mwezi wa Novemba, nimekaa mjane kama sheria inavyotaka: miezi kumi na miwili bila mume, la sivyo shamba alilonipa asubuhi ya kwanza ya ndoa yetu linarudi kwa ukoo wake. Nimehesabu kila juma. Basi paa la ghala likaanguka, na Orm mwenye kinu cha maji akaja na majirani kulijenga. Siku tatu mtu hasemi, hadai, anapiga nyundo tu. Tulipomaliza nikaandaa bia, nikashika kikombe kama mama mwenye nyumba, na mikono hii, Wistan, mikono hii hii, ikampelekea Orm wa kwanza. Mbele ya padri! Mbele ya Osgod, mtoto wa kaka yake Alnoth, aliyekuja kunywa bila kuinua hata ubao mmoja!

Na kikombe cha kwanza mke humpa mumewe. Osgod akacheka peke yake.

Sasa amenishtaki. Eti nimeolewa kwa siri kabla mwaka haujaisha, kwa hiyo shamba ni lake. Kesi itasikilizwa kwenye baraza la jimbo, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli. Nisipopata watu huru ishirini na wanne wa kuapa pamoja nami kwamba nasema kweli, natoka Heselford na nguo za mwilini tu.

Sijaolewa, mdogo wangu. Niambie nifanye nini.

Dada yako,
Wulfwaru

(Nilikuwepo. Kikombe kilikwenda moja kwa moja kwa Orm, kikampita hata padri. — Dunn)


Winchester, sikukuu ya Mtakatifu Swithun

Dada yangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na goti nimeliombea. Mimi sijambo, ila vidole vimekuwa vyeusi kwa wino na mgongo umepinda.

Dada, hivi ulikuwa unafikiria nini? Ungempa padri! Ungempa hata Osgod, akapaliwa! Sikulaumu, nimeogopa tu. Baraza la jimbo si mchezo. Askofu atakuwepo na liwali wa mfalme atakuwepo, na Osgod ana farasi, ana upanga, ana marafiki kila kijiji. Wewe una nani?

Nakusihi nenda kwa masista wa Wherwell ukakae mpaka mwaka uishe. Mwambie Orm asikanyage kwako. Nimefikiria kuomba barua ya mfalme yenye muhuri, kwa sababu wajane wako chini ya ulinzi wake. Lakini mfalme yuko msituni anawinda, na sisi mapadri makarani tunamfuata na masanduku ya ngozi za kuandikia na nta ya muhuri kama wachuuzi. Mimi ni wa mwisho kwenye benchi. Wa mwisho hasemi mpaka aulizwe.

Nisamehe woga wangu.

Mdogo wako,
Wistan


Heselford, sikukuu ya kuzaliwa kwa Bikira Maria

Wistan,

Natumaini mgongo umenyooka. Sisi wazima. Mavuno yameingia, na paa la Orm halivuji hata tone.

Kwa masista siendi. Nikiondoka, Osgod ataingia kwangu siku hiyo hiyo na kusema nimekimbia kwa sababu nina hatia. Shamba hili nilipewa mimi. Nimelilima miaka kumi na tisa, nimezika wanangu wawili kwenye kona yake, na siliachi kwa sababu ya bia.

Ila mambo ni mabaya, sikufichi. Wanaume kumi na wanane walikuwa wamekubali kuapa nami. Osgod akazunguka na mbwa wake nyumba kwa nyumba, anauliza habari za ng'ombe wao, za mabinti wao, kwa upole kabisa. Wamebaki watatu. Orm haruhusiwi kuapa, kwa kuwa kesi inamhusu. Amehamia ng'ambo ya mto ili watu wasiseme. Akiniona kanisani anatazama viatu vyake.

Juzi nililia jikoni kwa Golde mpika bia, nikimwambia nimekwisha. Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa. "Na sisi je? Umetuhesabu?" Nikamwambia lini uliona baraza likipokea kiapo cha wanawake. Akasema, "Mdogo wako si anakaa na mfalme? Kaulize."

Ndiyo nauliza. Najua wewe ni wa mwisho kwenye benchi. Simama.

Dada yako,
Wulfwaru

(Hapa ametaja Osgod kwa jina ambalo padri haandiki. — Dunn)


Kambi ya mfalme, msituni, sikukuu ya Mtakatifu Mathayo

Dada,

U mzima? Mimi mzima, ila barua hii ni fupi.

Nilisimama. Katikati ya chakula, mbele ya mabwana wote, karani wa mwisho! Mzee wetu wa masanduku, niliyedhani ataniaibisha, akasema amewahi kuona kiapo cha wanawake kikipokelewa zamani, tena kwenye kesi ya shamba. Jibu likatoka mezani kwa mfalme: andika. Nimeandika mwenyewe, na muhuri umetiwa nikiangalia.

Mpanda farasi anaondoka sasa. Njia zimejaa maji na siku zimebaki nane. Ombeni afike.

Mdogo wako,
Wistan


Heselford, siku nne baada ya Mtakatifu Mikaeli

Wistan wangu, karani wa mfalme, mwanamume wa kweli,

Hujambo? Mimi sijambo, na goti halijambo, na hata nguruwe hajambo!

Keti chini nikwambie. Baraza lilikaa kilimani, upepo mkali. Siku ya kwanza barua yako haikuonekana. Osgod akasema mjane alete watu wake. Nikawasimamisha wanaume wangu watatu, na watu wakacheka. Askofu akanionea huruma, akasema tutasikiliza kesho. Nikarudi nikiwa nimekufa nusu.

Asubuhi tukapanda kilima, mimi na Golde mbele, na nyuma yetu wanawake. Nilitaraji ishirini na mmoja. Nilipogeuka, mdogo wangu, walikuwa thelathini na mmoja! Bibi kizee Modgifu kabebwa juu ya mlango uliong'olewa.

Osgod akapiga makofi. "Wulfwaru, umetuletea banda zima la kuku?"

Golde akamjibu, "Sisi ndio tunaofua matandiko ya kijiji hiki. Kama kuna mwanamume aliyelala kwa Wulfwaru, nani angejua kabla yetu? Ya kwako pia tunayajua, bwana. Tuyaseme?"

Askofu akakohoa. Liwali akasema hajawahi kupokea kitu kama hiki na hatakipokea leo. Osgod akaanza kuvaa glavu zake. Na hapo ndipo tukamwona mpanda farasi, tope mpaka kwenye nyusi, anapunga barua yenye nta ya mfalme ikining'inia.

Askofu akaisoma kwa sauti. Mfalme anamsalimu askofu, na liwali, na mabwana wote wa jimbo, kwa upendo. Anataka wajue kwamba Wulfwaru yuko katika amani yake, na kwamba aape pamoja na majirani zake huru, wanaume na wanawake, na yeyote asimzuie kama anataka kubaki rafiki wa mfalme. Wistan, mabwana wote walivua kofia! Kwa maneno uliyoandika wewe, uliyekuwa unakula makaa ukiwa mtoto!

Basi wakajipanga mstari. Kila mmoja akaweka mkono juu ya sanduku la mifupa ya mtakatifu, akasema: kwa jina la Bwana, kiapo cha Wulfwaru ni safi, hakina uongo. Wanaume watatu kwanza, kisha wanawake. Alipofika wa ishirini na nne liwali akasema inatosha. Modgifu akamwambia hakubebwa juu ya mlango ili aambiwe inatosha. Wakaapa wote.

Osgod alitoa mkono mbele ya askofu, akaapa hatalidai tena shamba, yeye wala wanawe. Mimi nililia waziwazi, sina aibu. Tuliteremka tukiimba, na Golde alifungua mapipa yote.

Orm alikuwa anatungoja chini ya kilima. Unajua alisema nini? "Paa la banda la kuku nalo linahitaji kazi." Nikamwambia asubiri mwaka wangu uishe.

Miaka sita hujakanyaga hapa. Mwaka unaisha siku ya Mtakatifu Martin, nami nimeshachagua siku inayofuata. Wewe ndiye utakayetubariki, Padri Dunn amekubali kukuachia. Alika ukoo, alika mzee wako wa masanduku. Wale thelathini na mmoja nao watakuja, na Osgod akipenda aje atazame. Nitasimama mbele yao wote nikiwa na kikombe, na wa kwanza nitampa yule yule.

Dada yako,
Wulfwaru