Mikwaruzo ya Gari la Kukodi

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mama Mkubwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata baba. Nalitanguliza kabla ya salamu, maana najijua: nikianza na salamu nitamaliza karatasi bado nauliza hali ya hewa. Ninayo sauti ya mama. Ninayo tangu siku ile mlipokodi gari huko kwako.

Sasa shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Baba Mkubwa ameacha kubishana na daktari? Sisi ni wazima wa mwili. Baba siku hizi anapika, nasi tunakula hivyohivyo. Bibi hataki kiti cha mama kikaliwe, kwa hiyo tunabanana upande mmoja wa meza.

Wiki iliyopita ulimwambia baba kwenye simu kwamba mdogo wako ameondoka duniani akiwa na kinyongo nawe, kwa sababu ya yale ya kaunta. Nilikuwa mezani na daftari langu la hesabu. Nilisikia.

Mama Mkubwa, yale ya kaunta yalikuwa yangu.

Kabla hajasafiri, mama alinipa masharti ya kukodi gari niyasome, kama alivyonipa kila karatasi yenye herufi ndogo. Ndiyo maana aliniita Wakili. Gari lilikuwa na bima tayari, ila likigongwa au kukwaruzwa, fungu la kwanza la gharama analipa aliyekodi. Kaunta wanakuuzia bima nyingine ya kukuondolea fungu hilo, na kwa siku zenu nne bei yake ilikaribia bei ya kukodi gari lenyewe. Nikatafuta kampuni nyingine yenye kinga kama hiyo kwa bei ndogo sana, tukainunua kabla hajaondoka. Nikamwandikia kikaratasi: kataa ya kaunta hata wakikutisha, waache wazuie dhamana kwenye kadi yako ya benki, kisha lizunguke gari lote na simu, utaje kila mkwaruzo kwa sauti.

Kwa hiyo alipokuwa anamtikisia kichwa yule karani, foleni inaguna nyuma yenu, nawe umeshafungua pochi umlipie, hakuwa anakudharau. Alikuwa anafuata kikaratasi changu. Ulipomuuliza kama anamsikiliza mtoto kuliko wewe mkubwa wake, ulikuwa na haki. Mimi nilijua bei tu. Sikujua kwamba ulisubiri miaka sita umkaribishe mdogo wako, kwa siku nne, bila yeye kuhesabu chochote.

Video alinitumia siku ileile, iwe ushahidi. Baada ya msiba niliificha, kwa sababu mwanzoni unasikika ukilirudia swali lile kabla hujafunga mlango wa gari, nikaogopa wote wajue chanzo ni mimi. Na nisikufiche, nilitaka pia sauti ile iwe yangu peke yangu.

Anaanzia mlango wa kushoto: mkwaruzo, urefu wa kidole. Bampa ya nyuma, rangi imebanduka. Taa nzima, tairi nzima. Anahema kidogo katikati ya maneno, na hakuna kati yetu aliyejua wakati ule kwamba ni moyo. Anafika mbele, na kwenye kioo unaonekana wewe, umekumbatia mkoba, umegeukia kando. Anasimama. Kisha anasema polepole:

"Na huyu ni dada yangu. Amenuna. Wakili, andika: hana mkwaruzo hata mmoja."

Hakuondoka na kinyongo. Mimi ndiye niliyekaa na ushahidi.

Bibi anakusalimu, na mdogo wangu anauliza kama bado unafuga yule paka mnene. Wasalimie Baba Mkubwa na kaka. Mungu akupe usingizi, na magoti yako ayapumzishe.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na kukuomba radhi,
Wakili

N.B. Sikutaka kukutumia video kwa simu, usije ukaifungua kazini kabla hujasoma haya. Jana baada ya masomo ya ziada nilikwenda kwa fundi simu, akanihamishia kwenye kadi ya kumbukumbu. Nimeifunga kwa karatasi ya daftari na kuibandika hapa chini. Halafu leo, barua ikiwa imekwisha, nikamwita baba, nikamwonyesha. Aliitazama mara mbili, akaniomba simu, akaenda nayo chumbani. Mimi nikaosha vyombo.