Zaina Hakukubeulia

Dada Mwanahamisi,

Shikamoo. Leo sikulilii. Nimekasirika, na wewe peke yako ndiye hutaniambia nipunguze sauti.

Jana tulisoma arobaini yako, hapo kwako Ngombezi. Watu wameshakula, sufuria zinaoshwa, mama mkwe wako akamwonyesha mgeni mwanao. "Huyu ndiye aliyembeulia mama yake." Alisema huku anamfuta makamasi, kwa upole kabisa. Wanawake wakatikisa vichwa wakimtazama Zaina, mtoto ambaye hata kusimama bado anashikilia kigoda.

Ndiyo imani yao, mtoto akibeua huku ananyonya, ziwa la mama linavimba. Kwa hiyo lako lilipovimba na kuwaka moto walilichana kwa kitana kilichopashwa moto jikoni, asubuhi na jioni, wewe umeuma kanga. Zahanati nao wakasema jipu la kunyonyesha. Dawa zikaisha, ukapewa zilezile. Kila aliyekubonyeza alitafuta uvimbe kama punje, akaukosa, akakurudisha nyumbani.

Na wewe ulisema, dada! Siku ile tunamenya machungwa niliyokuletea kutoka Handeni, uliinua ganda ukaniambia, "Ngozi ya ziwa langu imekuwa hivi, vishimo vishimo." Tukacheka, eti umegeuka mchungwa. Ukamwambia na tabibu wa zahanati, naye akacheka.

Daktari wa hospitali kubwa hakucheka. Alikata kinyama kidogo cha ziwa, kikapimwa, akatuambia ni saratani ya ziwa, ya aina inayoonekana kwa nadra. Haifanyi uvimbe wa kushikika. Inavimbisha ziwa zima, inaharibu ngozi, na inakwenda mbio. Kisha akauliza kwa nini tumechelewa. Tumechelewa! Benchi la zahanati lilikuwa limeshatuzoea.

Basi jana nilisimama katikati ya wageni nikasema mtoto hajaua mtu, ni saratani. Mama mkwe wako akajibu kwamba sina adabu. Sawa, sina. Nilikuwa nayo wakati wanakuchana, na haikukusaidia kitu. Shemeji aliingia ndani, akatoka na nguo za Zaina kwenye kikapu. Akanikabidhi. Nilimshukuru hivyohivyo, ingawa bado nina hasira naye.

Kwa hiyo mwanao yuko kwetu Handeni. Asubuhi hii ameshiba uji, akabeua begani kwangu kama mzee aliyetoka kwenye pilau. Mama akashtuka, kwa mazoea. Mimi nikampigapiga mgongo nikamwambia abeue tena.

Nimekukumbuka, dada.

Pumzika. Ninakuahidi, Zaina hatakua akijiona muuaji. Siku atakayouliza nitamweka mapajani, nimenye chungwa, nimshikishe ganda, nimwambie mama yako aliuona ugonjwa wake mwenyewe, akausema, tukacheka.

Mdogo wako,
Asha