Mama, Hukuwa Unabahatisha

Mama,

Makala imekubaliwa. Barua pepe ya jarida iliingia Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa ofisi ya walimu hapa Kibiti, na tangu hapo sijatulia. Nilirudi kusahihisha madaftari ya kidato cha tatu nikampa mtu alama kumi na mbili juu ya kumi. Nikashika simu nikupigie. Nilikuwa natafuta jina lako ndipo nikakumbuka.

Basi nakuandikia. Kuna mambo yametokea tangu uondoke, na moja linanitia aibu.

Ulipofariki nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza masomo ya uzamili. Dakta Salma, mwalimu aliyenisimamia chuoni, akaniambia nitoe makala kwenye tasnifu yangu tuipeleke jaridani. Nikaiandika mbiombio. Nilidhani maandishi ya kisomi lazima yasikike kama ya wengine, kwa hiyo nikachukua aya za watu, nikabadilisha neno hapa na neno pale, nikazipachika kama zangu. Wiki haikuisha ikarudi. Wana programu inayolinganisha maandishi, na kurasa za mwanzo zilirudi zimejaa rangi nyekundu. Mhariri aliandika kwa upole, lakini alisema wazi kwamba ule ni wizi, na nikirudia watakiarifu chuo.

Mama, ulinilea nisiguse hata muwa wa jirani. Nilijifungia ndani siku mbili.

Dakta hakunifokea. Alinipigia, akanisomea sentensi moja niliyoinakili: kwamba wakulima wa mpunga wa delta huhama jaruba hadi jaruba kwa kubahatisha. Halafu akauliza, "Rehema, hili unaliamini?"

Nililichukua bila hata kulifikiria. Nilikuwa nimemwandika mama yangu mzazi kuwa mtu wa kubahatisha.

Wewe, uliyekuwa ukichota maji ya jaruba kwa kiganja, ukayaonja chumvi, ukatema, ukasema, "Hapa mwaka huu tupande, mwakani tuhame." Wewe uliyenifundisha kwamba mashimo ya kaa yakizidi tusipandikize miche michanga, maana wataikata yote. Unakumbuka nilipokuja na kipimo cha chumvi cha chuo? Ulikuwa unaonja kwanza, ndipo mimi nachovya. Wewe na kipimo mlikubaliana karibu kila jaruba. Ukacheka, ukasema, "Hicho kidude chako kizuri, ila kinachelewa." Siku ile ile, tunanawa miguu, ukaniambia, "Ukienda huko waambie mimi ndiye niliyekuonyesha."

Na mimi nikayafungia yote hayo kwenye jedwali moja mwishoni mwa tasnifu. Jina lako halimo.

Nikafuta zile kurasa zote. Nikaanza upya, kwa maneno yangu, nikaanzia kwenye ulimi wako na kile kipimo. Ya wengine niliyoyahitaji nikasema ni ya nani. Ilinichukua miezi, nikiandika baada ya vipindi. Dakta aliposoma akauliza kitu ambacho sikukitarajia: "Kwa nini mama yako hayumo kwenye waandishi?" Nikamwambia umeshatangulia. Akasema jarida linaruhusu, mradi itajwe kuwa ni marehemu na familia iridhie kwa maandishi.

Nikapanda boti mpaka kwa kaka Hamisi. Unamjua mwanao. Aliishika fomu ya ridhaa kama imetoka mahakamani. "Watu wasije wakasema tunamtumia marehemu," akasema. Sikubishana naye. Nikamsomea makala, nikiitafsiri kwa Kiswahili papo hapo. Nilipofika kwenye kaa akanikatiza.

"Hapo umekosea. Mama alikuwa anahesabu mashimo mapya tu, yale yenye tope bichi mdomoni. Ya zamani alikuwa anayaacha."

Mama, miaka yote ile nimekufuata jarubani na hilo sikuwahi kuliona. Nikaliandika palepale, kwa jina la Hamisi. Naye akaomba kalamu, akasaini.

Sasa sikiliza. Mmoja wa wataalamu waliopitia makala ameandika kwamba hilo la tope bichi hajalisoma popote. Popote, Mama. Nimeisoma sentensi hiyo mpaka walimu wenzangu wameichoka.

Jina lako liko baada ya langu, kabla ya la Dakta: Mwanaidi Athumani, na chini yake wameeleza kuwa umefariki na kwamba maarifa haya ni yako. Nimechapa ukurasa ule steshenari nikampelekea Hamisi. Ameutia kwenye mfuko wa nailoni na anauonyesha kila anayepita, hata wasiojua neno la Kiingereza. Anawawekea kidole penye jina lako.

Ijumaa tunakuja wote wawili kung'oa majani kaburini na kukuombea dua. Mungu akupanulie hapo ulipo, mama yangu. Makala nitaiandika tena kwa Kiswahili, ili majirani zako wasome wenyewe kile ulichokifanyia kazi maisha yako yote huku kikiitwa kubahatisha. Na msimu huu wa kupandikiza nitaomba ruhusa shuleni, niingie jarubani pamoja na Hamisi. Nitakosea, na hutakuwepo kunicheka. Lakini nitakachoandika, nakuahidi, nitakuwa nimekiona kwa macho yangu.

Mwanao,
Rehema