Nilizani ni Courant

Jumanne, jioni

Jicho la kushoto lilikufa zamani. Hili la kuume daktari alilipasua jana ili atoe ukungu, na kama lingekataa, ningebaki kipofu. Kwa woga nilifanya mizaha mpaka wagonjwa wote wa chumba wakacheka.

Leo asubuhi infirmière, muuguzi wetu, akatoa bandeji. Weupe ukaniingia kwa nguvu, nikapiga kelele kama watoto wa avenue yetu umeme ukirudi: "Courant imerudi!"

Chumba kizima kikacheka. "Papa, courant haiko tangu juzi," akasema infirmière. "Ile ni jua, inapiga kwa mto, pale kwa dirisha."

Kweli. Mto wote ulikuwa unawaka, mpaka ukuta wetu, wenye rangi ya kubambuka, ulichezacheza mwangaza. Sikujua kama dunia iko hivi.

Bibi yangu Veronika, ambaye tangu tuoane namuambia anionyeshe kwanza huyo Mungu wake ndipo niamini, akainama kwa sikio langu. "Alors, muzee? Ulitaka kuona nini tena?"

Mimi, mwenye mudomo huu, nikavua kofia haraka, kama mutu mukubwa ameingia. Na mulango ulikuwa umefungwa, hakuna mutu aliyeingia.