Walimchukua Mara Mbili

Kaagya, Bukoba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii najua atakusomea kaka Osmund. Kwenye simu siku hizi husikii vizuri, na mambo haya sitaki kuyapigia kelele. Kifua kimetulia? Mvua za Songea zimeanza? Sisi tu wazima, watoto wanasoma.

Uliniagiza nirudi na watoto mpaka mambo yapoe. Kabla hujakasirika kwamba sijaja, sikiliza yaliyotokea.

Mume wangu Deusdedit walimchukua asubuhi tukichuma kahawa. Maofisa wanne walisema si raia, kwa sababu mama yake alivuka mpaka akiwa msichana, akaolewa Kishanda kule Muleba. Akawaonyesha kitambulisho chake cha taifa. Wakakitia mfukoni, wakaondoka naye. Siku tisa sikujua alipo. Kila kituo waliniambia, "Hapa hayupo, mama." Kwenye kituo cha tatu niliona sweta yake ya kijani imeanikwa uani. Nikasema, "Ile ya mume wangu, kiwiko nilikishona mwenyewe." Askari akaniambia niende nikalee watoto.

Sikwenda. Nilishuka Bukoba mjini kwa wakili mmoja mwanamke niliyeelekezwa na watu wa parokia. Akanieleza kwamba Mahakama Kuu inaweza kuwaamuru waliomshika mtu wamlete mbele ya jaji, waseme wamemshika kwa sheria gani. Wakikosa jibu, anaachiwa.

"Lakini lazima mtu aape kwamba yuko pale," akasema. "Utaapa?"

Nilisaini, Baba. Hata ile sweta tuliiandika. Shangazi yake wa Kishanda, dada wa baba yake, alileta cheti cha ubatizo, akaapa kwamba siku Deusdedit anazaliwa yeye ndiye aliyempokea.

Wakamleta. Amekonda, viatu havina kamba. Jaji akauliza, "Anashikiliwa kwa amri ya nani?" Mwanasheria wao akaomba muda atafute nyaraka. "Siku zote hizi mlikuwa mnatafuta nini?" jaji akamuuliza, akaamuru aachiwe palepale. Nililia kwa sauti mpaka karani akaninyamazisha.

Getini maofisa walikuwa wanamsubiri. Nilikuwa nimemshika mkono, Baba, na wakamtoa mkononi mwangu wakamwingiza kwenye gari. Wakili alirudi ndani akikimbia. Tukaapa upya. Zikapita siku sita nyingine. Safari hii jaji alikasirika, akaamuru aachiwe na asikamatwe tena kwa sababu ileile bila mahakama kuridhia.

Kwa hiyo yuko nyumbani. Lakini kitambulisho hawajarudisha, na kila tukikidai tunaambiwa bado kinachunguzwa. Barabara ya Muleba ina vizuizi, na bila kitambulisho anaogopa hata kupanda gari. Gari likisimama huku kwetu, anaingia kwenye migomba. Amri ya mahakama nimeitia kwenye mfuko wa nailoni, natembea nayo, ila yeye haimtulizi.

Wiki iliyopita shangazi yule alizikwa Kishanda. Deusdedit alivaa suti, akaenda mpaka mwisho wa kibanja chetu, pale kahawa zinapoishia. Akasimama. Akarudi akavua viatu.

"Jaji alinitoa mahabusu," akaniambia. "Nani atanitoa kwenye kibanja hiki?"

Wakili anasema yapo maombi mengine, ya kuitaka mahakama imlazimishe ofisa atimize wajibu wake na kurudisha alichochukua. Hajui yatachukua muda gani. Jumatatu nakwenda kusaini kiapo, na shangazi wa kuapa pamoja nami sasa hayupo. Nikija Songea na watoto, Baba, nani atabaki wa kuapa?

Msalimie mama, umwambie wajukuu wanamtaja. Msalimie wifi, mke wa kaka, na mtoto wake mchanga nisiyemjua bado. Padri naye nisalimie, atuombee.

Usinitumie nauli.

Ni mimi binti yako,
Leokadia