Mfalme wa Kihesa

Mwanjelwa, Mbeya
12 Januari 2025

Mwanangu Saida,

Assalaam aleikum. Pokea salamu kutoka kwenye baridi na matope ya kwetu. Mimi mzima, goti tu ndilo linalonisumbua nikikaa sana dukani. Wewe je, Mungu anakutunza huko Iringa? Unakula? Usinijibu "nakula" kama ulivyozoea. Niambie unakula nini.

Naandika kwa sababu simu haina siri. Nikianza kuongea hapa dukani, kibanda cha kushoto wote wananyamaza, hata anayeshona anainua mguu kwenye cherehani. Barua naiweka mwenyewe ndani ya kiroba cha mchele, konda namfahamu, imetosha.

Mchele ni wa Madibira, nimenunua kwa Ng'washi, yule mama wa Kisukuma. Nilimwambia huu unakwenda kwa mwanangu aliyesoma chuo, sasa anafanya kazi ya sauti kwenye kompyuta. Akaniongezea kisado kizima! Watu wakisikia habari zako mkono unalegea wenyewe. Juzi nilimwambia na afisa wa soko. Hakuniuliza, lakini nilimwambia.

Sasa, Saida. Jumatano nilikupigia, ukapokea, ukasema "Subiri mama," na nyuma yako nikasikia mwanaume. Si redio. Redio naijua. Huyu alikuwa ananguruma kama lori la mbao lililoshindwa mlima, na alisema, nimesikia kwa masikio yangu haya, "Hakuna atakayetoka humu." Halafu ukarudi unacheka, "Samahani mama, kuna kitu nilikuwa nazima." Mwanaume anazimwaje?

Ni nani huyo? Jibu hilo kwanza, habari za mvua baadaye.

Ni mimi mama yako,
Mwantumu


Kihesa, Iringa
20 Januari 2025

Mama yangu mpenzi,

Waaleikum salaam, na shikamoo. Mimi ni mzima. Mchele umefika, unanukia mpaka mwenye nyumba amegonga mlango kuuliza napika nini. Goti lipake dawa, usiitazame tu pale juu ya kabati. Nakula wali, maharage, mchicha, na Ijumaa nilikula samaki.

Uliyemsikia ni Mfalme Ng'aro. Usiogope, hayupo. Nimemtunga. Ninaandika hadithi ndefu, mama, ya nchi ambayo haimo kwenye ramani yoyote. Huko milima inahama, na kuna mfalme aliyemeza mito yote mpaka tumbo lake likawa ziwa. Binti mmoja, Tiri, anavuka falme tisa kwenda kuidai hiyo mito. Kila sura ina muziki wake, na muziki wenyewe unaitwa metali: magitaa mazito, ngoma za mbio. Hapa kwetu tunaoupiga hatujazi hata benchi moja, lakini nje wapo wanaousubiri. Kuna kampuni ndogo huko imesema nikikamilisha sura zote kumi na mbili kufika mwisho wa Juni, wataitoa, kitabu na muziki pamoja. Nikiikosa hii sijui kama itakuja nyingine.

Gitaa anapiga Boniface, fundi seremala wa Mafinga. Anakuja Jumamosi, anapiga, anaondoka.

Ndiyo hiyo kazi ya sauti. Nisalimie baba mdogo na shangazi.

Mwanao,
Saida


Mwanjelwa, Mbeya
6 Februari 2025

Mwanangu Saida,

Salamu tena, na tena. Goti limepoa. Roho ndiyo haijapoa.

Nimeuliza watu watatu wa Iringa kuhusu huyo mfalme wako wa Kihesa. Hakuna anayemjua. Wewe mwenyewe unasema hayupo. Haya, asiyekuwepo koo la kungurumia amelipata wapi? Mimi nimeishia la saba, lakini sikuishia hapo kwa ujinga, niliishia kwa karo. Na huyo Boniface umemtaja mwenyewe, mimi sikukuuliza. Nauza vitenge siku zote hizi; mteja anayeingia akisema "mimi sikuja kuiba" ndiye ninayemtazama mikono.

Habari kubwa hii hapa, kaa chini. Watu wa Mzee Abdulkarim wameleta posa! Wamekwenda kwa baba yako mdogo Yunusu, kwa sababu ndiye aliyeshika nafasi ya marehemu baba yako. Wanakutaka kwa kijana wao Rayyan, yule mwenye duka la vipuri Tunduma. Walikuja na magari mawili, Saida, mtaa ulisimama. Nikamwambia mama yake, "Mwanangu si wa kuokota njiani, huyu kompyuta inamtii." Akasema na wao wamesikia.

Baba yako mdogo anasema ni lazima binti aulizwe. Basi nakuuliza. Unamtaka Rayyan? Nijibu kabla Ramadhani haijaingia. Na kama humo ndani yupo mtu, mtoe kabla hajatolewa, maana watu hawa watachunguza.

Shangazi yako Mwanaidi anakwenda Mafinga kwenye harusi, huenda akapita kukusalimia. Sijamtuma.

Ni mimi mama yako,
Mwantumu


Mwanjelwa, Mbeya
4 Machi 2025

Saida mwanangu,

Nakusalimu nikiwa sijalala, na si kwa kuamkia daku. Afya yangu ipo. Yako ndiyo nataka kuijua, na leo siulizi kwa mazoea.

Sikupata jibu. Nilimngoja konda kila basi lilipoingia, akawa anatikisa kichwa kwa mbali kabla sijamfikia. Nikaanza kuwaza mabaya. Baba yako mdogo ndiye aliyenituliza. Akasema, "Shemeji, mwanamwali akiulizwa akanyamaza, kimya chake ndiyo ridhaa. Ameona haya." Nikafurahi kweli kweli. Nikasema huyo ndiye wangu, nimemlea. Tumewajibu ndiyo. Kishika uchumba tumepokea, ile pete nimeizungusha soko zima mpaka nikaambiwa niipumzishe. Harusi ni mwisho wa mwezi wa tano.

Halafu Mwanaidi akarudi.

Anasema alifika kwako Jumamosi asubuhi na mfuko wa maparachichi. Akagonga, hakufunguliwa. Akasikia mwanaume anaunguruma ndani, "Nitaimeza mito yenu!" na msichana analia. Akajua unapigwa. Akazunguka dirishani, akachungulia pale blanketi lilipoachia. Anasema ulikuwa peke yako. Umesimama, umefumba macho, masikio umeyaziba na madude meusi, na ile sauti ya mwanaume ilikuwa inatoka kinywani mwako.

Maparachichi aliyaacha hapo hapo akakimbia.

Saida, nilikuwa naomba Mungu asiwe mwanaume. Sasa natamani angekuwa mwanaume. Mwanaume tungemtafutia wajomba zako. Hiki kilichokuingia anakitoa nani? Nimemwuliza maalim kwa mafumbo, nikasema ni mtoto wa rafiki yangu. Amesema kisomo kinaweza kufanyika hata huko huko. Mwanaidi nimemwapisha asifungue mdomo, kwa sababu mama Rayyan akisikia jini, mambo yamekwisha.

Nijibu. Andika kwa mkono wako, niutambue.

Mama yako


Kihesa, Iringa
11 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Funga njema. Mimi ni mzima wa mwili na akili, na mkono ni wangu, angalia hiyo "g" uliyokuwa ukinichapia. Tafadhali soma mpaka mwisho ndipo umwite maalim.

Maparachichi niliyakuta yametawanyika mlangoni nikadhani jirani kadondosha. Nikayala. Ulimtuma shangazi, mama. Usiniambie hukumtuma.

Ile sauti ni yangu. Mfalme Ng'aro namsema mimi, na Tiri anayelia ni mimi, na siku uliyonipigia nilikuwa naisikiliza rekodi. Ningekwambia Januari, nikaona aibu. Nilijua umeshawaambia watu nafanya kazi ya kistaarabu. Waimbaji wa metali wanajifunza kunguruma. Haitoki kooni, ukitumia koo siku mbili umekauka. Inatoka tumboni. Nilipoanza kujifunza sikupata tabu kama wenzangu, kwa sababu nimekua nikikutazama unavyoita wateja siku ya mnada, tumbo linaingia, mabega yanatulia, na mteja wa upande wa pili wa barabara anageuka. Nimekutumia sura ya kwanza kwenye simu. Sikiliza.

Sasa la pili, na hili naliandika wazi. Sikunyamaza kwa haya. Nilinyamaza kwa woga. Niliandika "sitaki" nikachana, nikaandika tena nikachana, nikajidanganya kwamba nikikawia litapita. Rayyan hana ubaya. Alinipigia mwezi uliopita, mpole sana, akasema nikifika Tunduma nitapumzika na hayo makelele ya kompyuta, nitamwandalia hesabu za duka. Alifikiri ananifurahisha.

Sitaki kuolewa na Rayyan. Nina sura saba, zimebaki tano. Naomba uwaambie.

Mwanao,
Saida


Kihesa, Iringa
13 Aprili 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Idd imepita na hukuniletea hata kaimati za kuchacha ndani ya basi. Hujambo kweli? Nikikupigia unasema "nina wateja" unakata. Baba mdogo ananiita "bibi harusi" kwenye simu, kwa hiyo hajui lolote. Shangazi anasema kadi zimeshachorwa.

Sijui ukimya wako niusome vipi. Unajipanga kuwaambia, au unajipanga kuja na maalim na gari? Nimeanza kulala nimefunga mlango kwa komeo mbili, mama. Nakufungia wewe. Sipendi kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyo.

Boniface anauliza kama aendelee kuja. Sijajua nimjibu nini. Sura ya tisa imesimama pale Tiri anapofika kwenye lango na hakuna anayemfungulia.

Umewaambia?

Mwanao,
Saida


Mwanjelwa, Mbeya
5 Mei 2025

Saida wangu,

Marahaba kwa shikamoo zako zote nilizozikalia. Ni mzima. Fungua hizo komeo, upate hewa.

Nilisikiliza. Nilifunga duka mapema, nikaziba masikio kama wewe. Sikuupenda. Muziki wako ni sawa na mabati yanayoezuliwa na upepo, siwezi kukudanganya. Lakini yule binti alipofika kwenye mto mkavu akauita kwa jina, nikajikuta nimeshika mdomo. Nikarudia. Na ule mngurumo, nikiweka mkono hapa tumboni, ndiyo wenyewe, ni wa kwetu. Mtu mwingine akija kusema kakufundisha yeye, nitamtafuta.

Nikawa sijui nifanyeje. Baba yako mdogo na Mzee Abdulkarim wana lori moja la mzigo. Tukikataa sisi, aliyetoa neno ni yeye, ataingia vipi msikitini? Kila nilipotaka kumwambia aliniwahi na habari za ukumbi.

Jumapili ya tarehe 27 akaja mama Rayyan na mshenga. Kiapo cha Mwanaidi unakijua, kilikuwa cha nusu mdomo. Wakanywa chai yangu, wakasifu vitenge, halafu yule mama akaweka kikombe chini. Akasema, "Dada Mwantumu, tunasikia maneno. Eti binti yetu anasema kwa sauti za kiume. Eti ana kitu. Ni kweli?"

Saida, maneno nilikuwa nayo. Unanijua. Ningemwambia huo ni usanii, kwamba nje wanakungoja, kwamba kampuni imekuandikia. Nilishavuta pumzi kabisa. Nikaona ukitoka kwenye maneno hayo mzima, umepona, unapelekwa Tunduma.

Nikainamisha kichwa.

Akasema, "Dada?" Sikujibu. Akamtazama mshenga, mshenga akatazama viatu vyake. Kimya chetu unajua kinavyosomwa. Alhamisi wamekuja kuchukua pete, wao wenyewe, kwa upole, na Mzee Abdulkarim amempigia baba yako mdogo kumwomba radhi yeye! Lori linaendelea kubeba mzigo. Baba yako mdogo anakuonea huruma, na ukweli asiujue mpaka nife.

Huyo Boniface usidhani nimemsahau. Aendelee kuja, Jumamosi tu, mlango ukiwa wazi. Nitajua.

Mwenzako hapa napewa pole. Kibanda cha kushoto wameniletea mafuta ya habasoda nikupake, nikayapokea, nikashukuru. Mteja wangu mmoja wa siku nyingi amehamia duka la pili, anaogopa kitenge changu. Jana Alinanuswe, anayetuuzia chai, ameniuliza, "Mama Saida, yule binti yako wa Iringa anafanya nini siku hizi?" Cherehani ikasimama.

Nikasema, "Yupo."

Wakangoja niendelee. Wamezoea. Nilikuwa na falme tisa mdomoni, mwanangu, na mto uliokauka, na watu wa nje.

Nikasema, "Yupo tu." Nikachukua mkasi nikaendelea kukata.

Sijawahi kusema neno dogo hivyo juu yako. Zimebaki sura tatu, na hiyo iliyosimama langoni. Fanya kazi.

Mama yako