Kulwa Ndiye wa Kwanza Kupanda

Jumatatu, 4 Novemba

Kliniki tena. Kutoka hapa Gongoni hadi hospitali si mbali, lakini bajaji ikipanda tuta Mama anauma ncha ya kanga. Halii. Anauma tu. Mazoezi ya nyonga hayakuchukua muda kama kumshusha. Dereva kashika mkono, mimi nimeshika kiuno, watu wanatazama. Mama hapendi kutazamwa.

Nimerudi dukani nikauza asali bila kusema neno. Mteja mmoja kaniuliza kama nimenuna. Nilikuwa nimenuna.

Nimeamua. Nanunua gari. Msimu huu asali imetoka vizuri, gari moja lililotumika halitanishinda.

Jioni Mama kasema tena anataka kurudi kwao Bukene, kwa pacha wake, Mama mkubwa Kulwa. Tangu aanguke uani na kuvunjika nyonga, wimbo ni huo huo. Nimemjibu kama siku zote: Bukene hakuna mazoezi, hakuna choo cha kukaa, na mimi sipo. Kageukia ukuta.

Nikiwa na gari nitampeleka kusalimia, kisha nitamrudisha. Kumrudisha ndiyo shabaha. Sitaki akakae huko. Hilo naliandika hapa tu.

Jumatano, 6 Novemba

Seif dalali kaja dukani na picha kwenye simu. Magari mawili. Moja dogo, jeupe, la chini, la mwalimu wa Itetemia anayehama. La pili la kijivu. Si jitu kama magari ya miradi, ila limenyanyuka. Liko yadi, karibu na stendi.

Seif anapigia debe hilo la kijivu. "Mama Asali, hii ni chuma! Mashimo unayasikia kwa wenzako." Nadhani cha juu chake kiko humo.

Mimi nimependa lile dogo. Nimelipa jina Kadogo. Lile jingine Mrefu.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimeyaendesha yote mawili. Marehemu mume wangu alinifundisha kwa pikapu yake. Mikono haijasahau.

Kadogo kanageuka ndani ya uchochoro wetu bila kurudi nyuma. Mafuta kananusa tu. Nyuma zinaingia ndoo nne za asali ukizipanga kwa akili. Ila kwenye tuta la sokoni tumbo limekwaruza. Sauti mbaya.

Mrefu anabeba ndoo zote na nafasi inabaki. Tuta halijui. Lakini mafuta anakunywa, tairi zake ghali, na uchochoroni nimehangaika mpaka jirani akaja kunielekeza bila kuombwa. "Kata, kata, kata, acha!" Nilitamani kumkata yeye. Halafu ukikaa humo unawaangalia watu utosini. Sipendi.

Kwa mjini, Kadogo. Kwa njia ya Bukene, sijui. Lami inakwisha Nzega, huko mbele ni udongo, na mvua ndizo hizi zinaanza.

Nimejaribu kukaa kama Mama, mguu wa kushoto umenyooka. Kwenye Kadogo nimezama. Kwenye Mrefu nimegonga goti. Basi nitamwachia mwenyewe ajaribu.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo aibu. Seif kaleta Mrefu, mwalimu kaleta Kadogo, yote yamesimama mbele ya nyumba. Majirani wamejaa kama kuna harusi. Nimemtoa Mama kwa mkongojo. Kayatazama. Kashika bodi ya Kadogo, kashika bodi ya Mrefu. Kasema mazuri. Kisha kageuka akarudi ndani.

Nimemfuata. Akae tu kidogo, aseme lipi halimuumizi. Kasema hakai. Mguu? Si mguu. Basi nini? Kaniomba maji.

Seif kacheka uani. Nimemfukuza.

Jumapili, 10 Novemba

Nimejaribu tena, kwa upole, kisha kwa ukali. Ukali haukusaidia. Mama kasema kuchagua kumenizidi. "Mchagua jembe si mkulima." Yeye kasema hivyo! Anayekataa kukaa!

Chakula anadonoa tu. Kanga zake zinamzunguka mara mbili sasa. Mtu aliyekuwa anabeba gunia la karanga.

Nimekasirika, na nimeogopa. Hasira ndiyo imeonekana.

Jumanne, 12 Novemba

Seif kapiga simu. Mrefu kapata mteja mwingine kutoka Urambo. Madalali wote wana mteja kutoka Urambo. Nimekata simu.

Leo Mama kanena. Nilikuwa namkanda mguu. Kasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba hawezi kukaa kwenye gari lolote kwa sababu Kulwa hajakaa.

Nimecheka. Heri nisingecheka.

Nimezaliwa kwenye nyumba hii, najua. Kulwa katoka kwanza tumboni, Doto kamfuata. Mapacha hawapewi kimoja, na Doto hatangulii. Kila doti ya kanga niliyowahi kumnunulia Mama ilikatwa, kipande kikabaki hapa, kipande kikaenda Bukene. Nilipomletea simu aliifunga kwenye kitambaa, hakuigusa mpaka nikapeleka ya Mama mkubwa. Na huyo Kulwa ndiye aliyepiga kwanza. Haya yote nayajua. Nikaenda kumchagulia Doto gari peke yake kana kwamba ni mtoto wa pekee.

Nilidhani gari halimo. Nani kasema mapacha wa zamani walikuwa na sheria ya magari? Mama kaniambia sheria ni moja, kinachobadilika ni kitu.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimempigia Mama mkubwa. Shikamoo, marahaba, mvua, mpunga, kuku. Kisha nikamweleza. Asubiri, nikishanunua nitamfuata, aje akae. Kaniuliza nitanunuaje kabla hajakaa. Kweli. Nimezunguka palepale kama ng'ombe kwenye kamba.

Nikamwambia aje kwa treni ya Mwanza. Kisha nikamkataza, kwa umri wake. Kakata simu. Sijui salio liliisha au ni yeye.

Mvua kubwa usiku. Uchochoro umejaa maji. Kadogo kasingepita.

Jumapili, 17 Novemba

Mama mkubwa kafika.

Nafungua mlango niende dukani, naona bajaji inasimama, kuku anapiga kelele, na mwanamke mwenye sura ya Mama anashuka bila kushikwa. Kapanda treni peke yake. Nimeanza kumgombeza, kanikatisha. Babu yao alibeba pembe za ndovu kichwani mpaka Pwani, akarudi kwa miguu hiyohiyo. Yeye ashindwe na Tabora, tena amekaa?

Mama kaisikia sauti kutoka ndani. Kaja mlangoni bila mkongojo. Anajishika ukutani, lakini kaja.

"Mwangaluka, Doto," Mama mkubwa kamwamkia.

Sikuelewa mengine. Kinyamwezi chao cha ndani ni chao wawili. Wamekaa kitanda kimoja wakacheka mpaka nikaona wivu. Ndiyo, wivu. Mimi nimemlisha, nimemwosha, nimemkanda. Ng'ombe haelemewi na nunduye, sijalalamika. Lakini kicheko kile sijakipata hata siku moja.

Mama kamaliza sahani. Kaongeza.

Jumatatu, 18 Novemba

Kliniki, watatu. Mama mkubwa kaingia chumba cha mazoezi bila ruhusa. Dada wa mazoezi kamwambia Mama ainue mguu, wote wawili wameinua. Akunje, wote wamekunja. Dada kamuuliza Mama mkubwa naye anaumwa wapi. Haumwi popote. Ila Doto akifanya, naye anafanya. Dada kaacha kubishana. Kasema Mama hajawahi kuinua mguu hadi pale. Wameyarudia tena nyumbani, jioni, kwenye mkeka mmoja. Nilikuwa nikimwambia Mama arudie, ananiambia nimwache apumzike.

Jumanne, 19 Novemba

Magari yamerudi. Yule mteja wa Urambo hakuwahi kuwapo, kama nilivyojua.

Mama mkubwa kaanza na Kadogo. Kageuza mgongo, kashuka, kashuka, akadhani kiti hakipo. Kufika chini magoti yamekuja kidevuni. Kucheka hivyo! Kutoka tumemvuta, mimi na Seif.

Kisha Mrefu. Nikadhani atainua mguu kwanza kama nilivyofanya mimi. Hapana. Kampa Mrefu mgongo kama mtu anayekwenda kulala. Makalio yakakutana na kiti hapohapo alipo, bila kupanda wala kushuka. Kisha akageuza miguu yote miwili kwa pamoja, ikaingia. Kwisha.

"Gari ni kitanda tu," kasema. "Kitanda cha chini huamki, cha juu sana hulali."

Kashuka. Mama kafuata, vilevile, mgongo kwanza. Nilikuwa nimenyoosha mikono kumpokea, mikono ikabaki hewani. Kakaa. Hakuuma kanga.

Basi ni Mrefu. Siku zote hizi nalinganisha mafuta na tairi, na kumbe swali lilikuwa urefu wa nyonga ya Mama. Mwalimu wa Itetemia kaondoka na Kadogo kake. Nimekatazama mpaka kamekata kona.

Jumatano, 20 Novemba

Nimelipa. Kadi ya gari ina jina langu. Shehe wa mtaa kaja, ubani, dua fupi. Aliposema amina, Mama mkubwa, ambaye ni Mkristo, kachukua maji mdomoni akayapulizia tairi ya mbele, baraka ya kimila. Mama naye. Shehe katazama pembeni. Mtu wa Tabora huyo, kazoea.

Seif kaomba ndoo ya asali juu ya cha juu chake. Nimempa nusu.

Jumamosi, 23 Novemba

Bukene. Tumeondoka asubuhi. Mama mkubwa kataka kukaa mbele, kisha njiani tusimame wabadilishane. Kwa zamu. Tukafanya hivyo.

Mpaka Nzega lami, nzuri. Baada ya hapo mvua ilikuwa imepita. Mahali pamoja lori limelala kwenye tope na gari dogo nyuma yake limezama mpaka mlangoni. Mrefu kapita pembeni. Kiburi kidogo nilikisikia. Mama kanipiga bega kama alivyokuwa akifanya nikifaulu mtihani.

Tumefika. Nikaenda uani kujisaidia nikakuta choo kipya. Tofali, saruji, kiti cha kukaa. Saruji bado inang'aa. Pembeni yake kingine, sawasawa na cha kwanza. Viwili.

Nikakaa juu ya kimoja muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilishaelewa.

Jumapili, 24 Novemba

Wameniita baada ya chai. Wamekaa kwenye vigoda, nimekaa mkekani. Mama kamwachia Kulwa atangulie, kama kawaida.

"Mwanangu, choo kipo. Mazoezi ninayajua. Na wewe una gari."

Hayo tu. Sababu zangu tatu, kazipangua moja moja, na ya tatu nimeilipia mwenyewe.

Nimesema kliniki. Wamesema nitakuja kuwachukua siku ya kliniki, wote wawili. Nimesema mvua. Wamesema si nimepita? Nimesema mimi je, nitabaki na nani pale Gongoni. Hilo nimelisema kwa sauti ambayo sikuikusudia. Mama kanishika kichwa, kama nina homa. Kasema alikuwa anakufa pale, taratibu, na alikuwa ananionea huruma kuniambia.

Nimelia mbele yao. Imetosha.

Nilipokuwa nawasha gari nimeziona kanga. Doti ya Idi, ile niliyoikata mwenyewe. Vipande vyote viwili kwenye kamba moja, vinakauka, maua yameungana tena pale nilipopitisha mkasi. Nimewapigia honi. Wamepunga, Kulwa kwanza.

Nimerudi peke yangu. Gari kubwa kwa mtu mmoja.

Jumanne, 26 Novemba

Nimekaona Kadogo sokoni. Kamenunuliwa na muuza vipodozi. Kamegeuka mbele ya duka langu kwa mkato mmoja. Kwa safari zangu zilizobaki, duka, msikiti, nyumbani, kale ndiko kangenifaa.

Sikujutia. Nimeona tu.

Alhamisi, 28 Novemba

Mama kapiga simu. Mazoezi wamefanya. Mpunga umeota. Kaniuliza gari linalala wapi, nisiliache mvuani. Sauti yake imenenepa.

Nimekwenda kuchukua asali Ulyankulu. Barabara mbaya, Mrefu kafanya kazi yake. Nyuma pamejaa, imebaki ndoo moja. Nimeiweka kiti cha mbele. Kiti bado kimesogezwa nyuma, kwa ajili ya mguu wake. Sijakirudisha.

Nimeifunga ndoo mkanda. Nimekwenda polepole kwenye matuta.